Mkataba wa Walimu na Karatasi Tusiyoiandika



Tuliahidi kuendelea juma hili na mlango wa adabu za jirani. Tunaomba radhi, mlango huo utarudi inshaallah. Tumetoka safari, na tuliyoyasikia huko yametukalia moyoni kuliko tulivyotazamia.

Safari ilikuwa ya Kisumu. Mpwa wetu, binti wa dada yetu mkubwa, alijaaliwa mtoto wa kike mwezi wa Mei, nasi tukampeleka bibi akamwone mjukuu. Mpwa huyu ni mwalimu wa Kiswahili na wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari ya serikali, na huu ni mwaka wake wa saba huko. Mumewe kazi yake iko bandarini Mombasa. Yeye yuko ufukweni mwa ziwa kwa sababu ndiko alikopangiwa, na ndoa yao huishi kwa simu na kwa basi la usiku. Amepanga nyumba Kaloleni. Msidhani ni Kaloleni yetu ya Kilifi: huu ni mtaa wa zamani wa Waislamu wa Kisumu, wenye Wanubi, Waswahili na Wajaluo ambao babu zao walisilimu zamani. Majirani humwita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na wengine humwita nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Tulipofika tulikuta wameshampikia uji, wameshamfulia, na mtoto anapokezanwa mkono kwa mkono. Hayo ni ya mlango wa jirani, nasi tumesema tutayarudia.

Ijumaa ya tarehe 18 Julai 2025 tuliswali katika Msikiti wa Jamia wa mjini. Tulipotoka tukapitia Kibuye kununua ngege wawili wa chakula cha mchana, na tulipofika nyumbani tukawakuta walimu watatu wa jirani barazani wameizunguka simu moja. Habari ilikuwa imefika kutoka Nairobi: tume ya TSC, ambayo ndiyo mwajiri wa walimu wa serikali, imetiliana saini mkataba mpya na vyama vya walimu. Vyama hivyo ni KNUT, KUPPET cha walimu wa sekondari, na KUSNET cha wanaosomesha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mkataba ni wa miaka minne, 2025 hadi 2029. Thamani yake ni shilingi bilioni 33.8. Nyongeza ni asilimia 5 kwa walio ngazi za juu, inapanda hadi asilimia 29.5 kwa walio ngazi ya chini kabisa, na hesabu yake inaanza tarehe 1 Julai.

Barazani furaha ilikuwa ya kiasi. Siku chache kabla, vyama vilikuwa vimelikataa toleo la kwanza la mwajiri, na walimu walikwisha kuanza kuulizana kama muhula wa tatu utafunguliwa kwa kengele au kwa filimbi za maandamano.

"Mjomba," alituambia mpwa wetu, mtoto begani, "bilioni ni neno zuri masikioni. Tupigie hesabu."

Tukapiga hesabu ya dukani. Bilioni 33.8 tukazigawa kwa miaka minne, kisha kwa walimu 300,000, nao ni zaidi ya hao, kisha kwa miezi 12. Haikufika shilingi 2,350 kwa mwezi kwa kila mmoja. Wastani una hila zake, kwani mkataba huu umewapendelea wa ngazi za chini, jambo ambalo sisi tunaliona ni la haki. Lakini aliye katikati hupata kidogo kuliko anavyosikia redioni. Na humo bado hajakatwa kodi, hajakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za serikali wala asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Kinachobaki hakimtoshi mpwa wetu nauli ya basi ya kwenda Mombasa kumwona mumewe na kurudi.

Bibi yake mtoto, yaani dada yetu, alikuwa kimya kwenye mkeka akichambua omena. Naye alikuwa mwalimu, wa shule ya msingi, na amestaafu mwaka huu huu. Ndipo aliponyanyua uso akasema, "Kiasi nimekisikia. Sasa nisomeeni tarehe za kulipwa."

Walimu wale vijana wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tulijua neno lile linatoka wapi.

Mwaka 1997, Oktoba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, chama cha KNUT chini ya Ambrose Adeya Adongo kiliwatoa walimu madarasani nchi nzima. Hazikutimia hata wiki mbili serikali ikakubali: mishahara ipande kwa asilimia 150 hadi 200, kwa mafungu, ndani ya miaka mitano, pamoja na marupurupu. Ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, Notisi nambari 534 ya mwaka 1997. Dada yetu alikuwa miongoni mwa walioimba barabarani siku ile, na mpwa wetu huyu, mtoto wa miaka miwili, alikuwa mgongoni mwake kwa leso. Fungu la kwanza lililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka uliofuata serikali ikasema haina fedha. Oktoba 1998 walimu wakatoka tena, na safari hii wakarudi darasani mikono mitupu. Marupurupu yaliyoandikwa katika notisi ile ndiyo yaliyowatoa tena walimu shuleni mwezi Juni 2013, kwa zaidi ya wiki tatu. Hesabuni: ni miaka kumi na sita. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa ahadi alikuwa amekwisha kufika chuo kikuu.

Tuna jambo la kukiri hapa, na tumelikawiza miaka ishirini na minane.

Mwaka ule wa 1997 tulikuwa na miaka ishirini na sita, tumetoka chuoni karibuni, na kilemba chetu kilikuwa kizito kuliko kichwa. Baada ya Maghrib moja tulikaa kwenye darsa tukasema kuwa mwalimu anayeacha darasa amekhini amana; kwamba ameshapokea ujira na kwa hiyo hana haki ya kuvunja ahadi yake; kwamba kuimba barabarani si mwendo wa mwanamke mwenye staha. Hatukutaja jina. Hakukuwa na haja ya kutaja. Dada yetu alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akisikiliza kila neno. Alituandalia chakula cha usiku kama kawaida yake, akatuwekea maji ya kunawa, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kufundishwa: "Mlango wa mwajiriwa umeusoma vizuri. Wa mwajiri umeuruka?"

Tulijibu kitu. Hatukumbuki tulijibu nini, na hiyo ni dalili ya uzito wa jibu lenyewe.

Ukweli ni kwamba tuliuruka. Katika vitabu tunavyosomesha, mlango wa ijara hauanzi na wajibu wa mfanyakazi. Huanza na kujulikana: kazi ijulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane, na ujira ukiwa haujulikani mkataba huharibika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu mzima haihusu swala wala saumu. Inahusu kuandikiana deni, na inatuonya tusichoke kuliandika pamoja na muda wake, liwe dogo liwe kubwa. Na katika Hadithi Tukufu imo habari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mpinzani wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Haya yote tulikuwa tumeyahifadhi. Tuliyasoma kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyodhani kuwa ina wenyewe.

Kuna kisa kingine ambacho kina mama hukipenda, nasi tunakitaja kwa sababu ni cha maafikiano ya kazi hasa. Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan hana mali wala jamaa, ni binti ndiye aliyemshauri babake amwajiri, na akaeleza kwa nini: ana nguvu na ni mwaminifu. Mzee yule, ambaye wafasiri wamehitilafiana juu ya jina lake, hakusema "tutaelewana." Alitaja muda: miaka minane. Akataja kitakachozidi: ukitimiza kumi, hiyo ni hisani yako. Akaahidi kwamba hataki kumtaabisha. Naye Musa hakuona haya kuweka sharti lake, kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili hiyo asidhulumiwe. Kisha wakamshuhudisha Mwenyezi Mungu. Mtume wa Mwenyezi Mungu alijadili masharti ya kazi yake kabla ya kushika fimbo ya kuchungia. Ni nani basi atakayemwambia mwalimu wa Nyalenda au wa Likoni kwamba kujadili ni tamaa?

Mmoja wa walimu wale vijana alituuliza kwa nini mambo yote yaende Nairobi. Kwa nini shule yake isiafikiane naye. Tukamwambia kwamba zamani ilikuwa hivyo. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, mwalimu aliajiriwa na misheni au na mamlaka ya wilaya yake. Wa kanisa hili alilipwa hivi, wa wilaya ile vile, na Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na kipimo chake. KNUT kilipoanzishwa, Desemba 1957, moja ya shauri zake kubwa lilikuwa mwajiri awe mmoja na kipimo kimoja. Baada ya mgomo wa 1966 ndipo sheria ya kuunda TSC ikapita, mwaka 1967. Kwa hiyo wingi huu wa watu katika meza moja ulitakwa na walimu wenyewe. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, imempa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na vyama haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja.

Haki hiyo haikuzuia maumivu. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa na haitalipa. Muhula wa tatu ukaanza kwa mgomo, shule zikaamriwa kufungwa, hata za binafsi, isipokuwa kwa watahiniwa. Walimu waliogoma wakakosa mshahara wa Septemba. Wiki ya tano wakarudi kwa amri ya mahakama, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaitengua ile nyongeza yote. Dada yetu anasema mwezi ule aliuza mahamri asubuhi na bajia jioni. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, ndipo mkataba wa shilingi bilioni 54 ulipotiwa saini, nao ukalipwa kwa mafungu kuanzia Julai 2017. Huo ulilipwa. Ni haki kusema hivyo pia.

Lakini tukiyaacha mabilioni, jambo lililotushangaza zaidi barazani kwa mpwa wetu ni lile ambalo magazeti hulipitisha kwa mstari mmoja. Mkataba uliotangulia huu, wa Julai 2021, haukuwa na hata shilingi moja ya nyongeza. Ulikuwa wakati wa Korona, na walimu wengi waliudharau. Ndani yake, hata hivyo, mliandikwa kuwa likizo ya uzazi ya mwalimu wa kike itoke siku 90 iwe siku 120, na ya baba mwalimu itoke siku 14 iwe siku 21. Mpwa wetu alikuwa amekaa mbele yetu na mtoto wa miezi miwili, ananyonyesha, hana haraka, kwa sababu ya mstari huo. Wenzake wa kazi nyingine zinazofuata miezi mitatu ya sheria wangekuwa wanaanza kuhesabu siku. Tulipomwambia hivyo alisema, "Mjomba, mimi nami niliukejeli mkataba ule. Nilisema, mkataba gani hauna pesa?"

Na kuna lisilokuwamo. Jirani mmoja, mwanamke wa makamo anayesomesha shule ya msingi, alifiwa na mumewe miaka michache iliyopita. Alipewa siku chache za msiba. Eda ya mjane, kama mjuavyo, ni miezi minne na siku kumi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina likizo ya eda. Alimaliza siku zake, akaomba ruhusa bila mshahara, mkuu wa shule akasema hana mamlaka hayo. Akarudi darasani katika eda, nguo nyeupe, akaandika ubaoni. Tulimwambia kuwa mjane anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja ya lazima, na riziki ni haja. Asijione ametenda dhambi. Alishukuru. Kisha akatuuliza swali lililokuwa gumu zaidi: "Sheikh, ni nani aliyewahi kulipeleka hili kwenye chama?"

Tukamuuliza yeye, je, huhudhuria mikutano ya tawi? Akasema hapana. Mpwa wetu? Mara moja, wakati wa uchaguzi wa viongozi. Mikutano huwa na kelele, wanaume ni wengi, na mtoto hana wa kumwachia. Tunayaelewa hayo, lakini mapendekezo ya vyama hukusanywa kutoka matawini kabla hayajafika Nairobi. Mstari wa siku 120 uliandikwa kwa sababu mtu aliutaka na akausema mbele ya watu. Mstari wa eda hautajiandika. Miaka minne ya mkataba huu mpya ni muda wa kutosha kuutayarishia ule utakaofuata, na tunawaomba walimu Waislamu wa Kisumu, Kendu Bay, Mumias, na wa kwetu Lamu, Kwale na Mombasa, walichukue jambo hili. Mume ambaye mkewe ni mwalimu na akabaki na watoto Jumamosi moja ili mkewe ahudhurie mkutano, hajapungukiwa na kitu.

Kuhusu umbali hatutasema mengi, maana ni jeraha. Miaka ya 2018 na kuendelea palikuwa na utaratibu wa kuwahamisha walimu, wakuu wa shule hasa, mbali na kaunti zao, na ulivunja nyumba nyingi kabla ya kulegezwa mwaka 2022. Katika kuupinga, KNUT kiligombana na mwajiri kiasi kwamba mwaka 2019 wanachama wake wakakosa nyongeza walizopata wenzao, wakakihama kwa maelfu. Ni fundisho chungu kwa chama: ukiwa na hoja ya haki na ukaipeleka bila hekima, watu wako hulala njaa kwa hoja yako. Mpwa wetu hakuhamishwa na utaratibu huo. Yeye aliajiriwa moja kwa moja huku, na maombi yake ya uhamisho yako mahali fulani, yanasubiri mwalimu mwingine wa masomo yake atakayetaka kuja ziwani. Visiwani ni taabu zaidi. Walimu wa Mfangano na Takawiri huvuka kwa mashua za injini kama wetu wa Pate na Kizingitini, na katikati ya mwaka 2025 serikali iliposema itaipanga upya orodha ya sehemu zenye posho ya mazingira magumu, hofu iliwaingia wote, wa bahari na wa ziwa, mpaka vyama vilipopiga kelele na jambo likasimamishwa.

Msomaji atatuuliza: je, sheikh sasa anaruhusu mgomo? Tutasema tunavyoona. Asiyepewa haki yake ana njia ya kuidai, na sheria imeweka njia hiyo wazi: mazungumzo, upatanishi, notisi ya siku saba. Lakini mgomo wa walimu una mtu wa tatu ambaye hakutia saini popote, naye ni mtoto. Tena si kila mtoto. Mtoto wa mwenye nazo yuko shule ya kulipia, anaendelea.

Mpwa wetu anayajua haya kwa ngozi yake. Agosti 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa na bajeti kupunguzwa, fungu la pili la nyongeza ya 2023 lilikuwa mashakani. Vyama vyote viwili vilitangaza mgomo wa kuanzia tarehe 26, siku ya kufungua shule. KNUT kikarudi nyuma usiku wa kuamkia siku hiyo, KUPPET kikaendelea takriban wiki moja. Yeye ni wa KUPPET, akakaa nyumbani. Siku ya tatu, jioni, waligonga mlango wasichana sita wa kidato cha nne, watoto wa wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Dunga, madaftari mkononi. Walikuwa na mtihani wa taifa miezi miwili mbele. Hawakumwomba avunje mgomo. Walimwomba awasahihishie insha tu.

Aliwafungulia. Aliwasomesha barazani jioni nne mfululizo, taa imefunikwa kwa karatasi upande wa barabarani ili wenzake wasimwone. "Nilikuwa nimewakhini nani, Mjomba?" alituuliza. "Chama, au watoto?"

Tulimwambia hakumkhini yeyote. Alikaa nje ya kazi ya mwajiri asiyetimiza, na alitoa elimu kwa aliyeiomba mlangoni kwake. Dada yetu akaongeza kuwa mwaka 1997 naye alifanya hivyo hivyo, kwa watoto wa darasa la nane, nyuma ya nyumba, na hakumwambia mtu hata siku moja. Miaka ishirini na minane hatukulijua hilo. Sisi tuliyekuwa tukihubiri juu ya amana, nyumba ya pili kutoka kwake.

Sasa tufike kwetu.

Usiku wa Jumamosi, mtoto amelala, mpwa wetu alituuliza kuhusu madrasa ambayo sisi ni mmoja wa wanakamati wake huko nyumbani. Ina maustadhi watano na ustadha wawili. Alitaka kujua wanalipwa kiasi gani. Tukamwambia: shilingi elfu sita, wakati mwingine saba, kulingana na mchango. Siku gani? Mchango ukitimia. Mwezi wa Ramadhani madrasa ikifungwa? Hapo huwapa zaka. Ustadha akijifungua? Tukanyamaza. Mwaka juzi mmoja alijifungua, na tulimletea mwingine mahali pake. Tulidhani tumemsaidia apumzike. Hakurudi, na hakuna aliyeuliza.

"Wameandikiwa wapi haya?"

Hakuna palipoandikwa. Sisi tulioketi barazani siku nzima tukiilaumu serikali kwa Notisi 534 hatujawahi kumpa ustadhi hata notisi ya kuvunjwa. Kwa kipimo cha kitabu tunachokisomesha wenyewe, ujira wetu haujulikani, basi mkataba wetu nao umeharibika, na mafakihi wanasema aliyefanya kazi kwa mkataba ulioharibika anastahiki ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mwenziwe kwa kazi kama hiyo. Elfu sita haifiki hapo. Hatukuwa na haja ya kusafiri mpaka Kisumu kulijua hilo, lakini ndiko tulikolijua.

Tulimpigia simu mshika hazina wetu usiku ule ule. Ni mtu mwema, na fedha za madrasa kwake hazipotei. Akatuambia, "Sheikh, mwalimu wa Qur'ani anataka ajri au anataka ujira?" Ni hoja ya zamani. Wako maulamaa waliochukia malipo kwa kusomesha Qur'ani. Lakini madhehebu yetu ya Imamu Shafi yameruhusu, na hata waliokataa mwanzoni, wafuasi wao wa baadaye waliruhusu walipoona elimu itapotea. Ajri iko kwa Mwenyezi Mungu, na si sisi tunaoigawa. Kilicho mkononi mwetu ni ujira peke yake.

Basi tuliandika. Karatasi ilikuwa ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili, upande wa nyuma ukiwa mweupe. Mpwa wetu aliandika, maana hati yake ni nzuri. Kazi na saa zake. Ujira, kwa mwezi wa Kiislamu au wa kizungu, lakini mmoja kati ya hiyo. Mwezi wa kufunga madrasa ulipwe kama miezi mingine, na zaka isiitwe mshahara. Ustadha akijifungua apewe siku 120, nafasi yake imngojee. Ustadha akifiwa na mumewe apewe eda yake yote. Dada yetu, ambaye tulidhani amelala, alisema kutoka chumbani, "Tarehe." Ikaandikwa: malipo si zaidi ya tarehe tano ya kila mwezi, na ikipita, kamati ieleze kwa maandishi.

Mahali pa kiasi tumepaacha wazi. Si haki kamati ijaze peke yake, wala si haki tujaze sisi kutoka Kisumu. Maustadhi na ustadha wakae nasi meza moja na waseme yao. Nyumba zenye watoto katika madrasa yetu zijue kwamba mchango huenda ukapanda, na zijue unapanda kwa nini. Kikao ni Jumamosi hii baada ya Isha, upande wa wanawake utakuwa wazi. Dada yetu amesema atakuja.